Kuhamisha mafaili ya maandishi kati ya Windows, Linux na Mac: dos2unix, tr, sed, edita au Git, uchukue ipi?

Faili limetoka Windows limeenda Linux, au limetoka Linux limeenda Windows, unalifungua unakuta maandishi yote yamebanana kwenye mstari mmoja mrefu usioisha, au kila mwisho wa mstari pamesimama kialama cha ^M, au neno ng'ombe limegeuka ngâ€™ombe. Wengi hapo wanaanza kufuta kialama kimoja kimoja kwa mkono, wengine wanaandika faili zima upya. Jamani msifanye hivyo. Njia za kubadilisha zipo tele, tena nyingi ni za bure, ila kila moja ina mahali inapofaa na mahali inapoharibu, na kinachoumiza watu ni kukopi komandi ya kwanza waliyoiona na kuibandika bila kujua inafanya nini. Nazilinganisha hapa kama nilivyozitumia, ila naanza na ugonjwa wenyewe kwanza, maana kuna magonjwa mawili yanayofanana kwa macho na dawa zake ni tofauti kabisa.

Ugonjwa wa kwanza: mwisho wa mstari

Ukibonyeza Enter, kompyuta inaandika alama isiyoonekana kusema "mstari umeisha hapa". Zamani, kwenye mashine za kuchapa kwa waya kama Teletype Model 33 ya 1963, kumaliza mstari kulihitaji amri mbili: moja ya kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzo wa mstari, ndio CR, namba 13, na nyingine ya kusogeza karatasi juu, ndio LF, namba 10. MS-DOS ya 1981 ikarithi zote mbili kutoka CP/M, mfumo wa kompyuta uliotangulia, na Windows wanazo mpaka leo. Unix wakaona LF peke yake inatosha, na Linux ikafuata hapohapo. Mac za zamani mpaka Mac OS 9 zikachukua CR peke yake, alafu Mac OS X ilipotoka 2001 wakahamia LF. Kwahiyo tuna aina tatu: CR na LF pamoja, LF tupu, na CR tupu ambayo saivi utaikuta kwenye mafaili ya zamani na kwenye baadhi ya programu zinazotoa data kwa mtindo huo.

Ugonjwa wa pili: herufi

Huu hauhusiani na mistari. Kila herufi inaandikwa kwenye diski kama namba, na kuna zaidi ya jedwali moja la namba hizo. Kwa a mpaka z hutaona tofauti kati ya UTF-8 na Windows-1252, maana zote zimefuata ASCII, jedwali la zamani la herufi za Kiingereza, na Kiswahili kwa bahati nzuri kinaandikwa karibu chote kwa herufi hizo. Kinachotusaliti sisi ni ile alama ya ng'. Ukiandika ng'ombe kwenye programu ya kuandikia barua na ripoti, mara nyingi programu yenyewe inabadilisha ile alama iliyonyooka inaweka iliyopinda, bila kukuuliza. Iliyonyooka ni baiti moja, 27 kwa heksa (namba za msingi wa 16), inasomeka popote duniani. Iliyopinda kwenye UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, na kompyuta ikizisoma kwa jedwali la Windows-1252 inaziona kama herufi tatu tofauti, ndio unapata â€™ katikati ya ng'ombe wako. Kinyume chake pia kipo, faili la Windows-1252 likisomwa kama UTF-8 unaona kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza.

Sasa mtu mwenye ngâ€™ombe akiendesha dos2unix (komandi ya kutibu mistari) mara kumi hatopona, na mwenye ^M akihangaika na iconv (komandi ya kutibu herufi) nae hatopona. Ndio maana nasema pima kwanza.

Kupima: file, cat au jicho tu?

Kwenye Linux na Mac andika `file orodha.txt`. Ikikujibu "ASCII text, with CRLF line terminators" basi ni la Windows, isipotaja kitu kuhusu mistari ni LF. Inataja na herufi pia, kama ni UTF-8 au UTF-16 (jedwali lingine), na kama lina BOM, yaani alama isiyoonekana mwanzo wa faili, nitaieleza chini. Ni ya haraka, lakini kwa upande wa herufi inakisia, ikiona baiti isizozielewa inaweza kukuambia ISO-8859 wakati faili ni Windows-1252, kwahiyo iamini sana kwenye mistari na iamini kiasi kwenye herufi.

`cat -e orodha.txt` mimi naipenda zaidi kwasababu inakuonyesha kwa macho, mstari wa Windows unaishia na ^M$ na wa Linux unaishia na $ tu, na inafanya kazi Linux na Mac vilevile. Tatizo lake ni faili kubwa, mistari elfu ishirini huwezi kukaa unaitazama, na wagonjwa wabaya ni yale mafaili mchanganyiko ambayo mistari mia ya kwanza ni LF alafu mtu kabandika kipande kutoka Windows katikati.

Kwa hao dawa ni `dos2unix -i orodha.txt`. Haibadilishi kitu, inahesabu tu: mistari mingapi ya Windows, mingapi ya Unix, mingapi ya Mac ya zamani, kuna BOM au hakuna, ni maandishi au sio maandishi. Ukiona 120 safu ya kwanza na 3 safu ya pili ushajua una mchanganyiko. Hakuna kipimo kingine hapa kinachokupa hesabu safi namna hiyo kwa komandi moja.

Uko Windows na hutaki terminali, lile dirisha la kuandika komandi? Fungua faili kwenye Notepad++ utazame chini kulia, imeandikwa Windows (CR LF), Unix (LF) au Macintosh (CR), na pembeni yake jedwali la herufi.

Edita dhidi ya terminali

Hapa uamuzi ni rahisi kuliko watu wanavyoufanya. Faili moja au mawili, tumia edita, yaani programu ya kuhariri maandishi. Yakiwa mengi, au kazi inajirudia kila wiki, tumia terminali.

Katika edita, Notepad ile ya kawaida ya Windows iweke pembeni. Miaka mingi ilikuwa haielewi LF kabisa, ndio chanzo cha ule mstari mmoja mrefu, mpaka Windows 10 toleo la 1809 mwaka 2018 ndipo wakairekebisha. Saivi inasoma na inahifadhi kama ilivyokuta, lakini haina mahali pa kubadilisha, kwahiyo kwa kazi hii haikusaidii zaidi ya kukuonyesha.

Notepad++ inabadilisha kwa kukliki: menyu ya Edit, kisha "EOL Conversion", unachagua, unaseivu, basi. Pia ina uwezo wa kuonyesha alama zote zisizoonekana, unaona CR na LF zimeandikwa kwenye viboksi vyeusi mwisho wa kila mstari, na kwa mtu anayejifunza hili jambo hakuna kitu kinachofundisha kama kuziona kwa macho yako. Ila ni ya Windows tu. VS Code ipo Windows, Linux na Mac, chini kulia kuna CRLF au LF, unaikliki unachagua nyingine, unaseivu. Kwa timu ambayo kila mtu ana mashine yake tofauti naipendekeza VS Code kwasababu maelekezo ni yaleyale kwa wote, huhitaji kuandika kurasa tatu za "kama uko Windows fanya hivi, kama uko Mac fanya vile".

Ukiwa ndani ya seva hakuna madirisha, basi Vim: `:set ff=unix` alafu `:w`. Kama faili ni mchanganyiko Vim inakuonyesha ^M kwenye baadhi ya mistari, hapo anza na `:e ++ff=dos` ili ilisome upya kama la Windows, ndipo ufanye hizo mbili. Kwa nano, ukibonyeza Ctrl+O kuseivu, kabla ya Enter bonyeza Alt+D inabadilisha kati ya mtindo wa DOS na wa kawaida.

dos2unix, tr, sed na perl: hapa ndipo watu wanapoharibu mafaili

Niliwahi kukesha na skripti ya kufanya bakapu. Niliiandika kwenye laptopu ya Windows, nikaipandisha kwenye seva ya Linux, nikaiendesha, jibu likaja "bad interpreter: No such file or directory". Naangalia faili lipo. Naangalia bash ipo palepale /bin/bash. Nikabadilisha ruhusa, nikahamisha folda, saa zikaenda, mpaka nilipopiga `cat -e` nikaona mstari wa kwanza ni `#!/bin/bash^M$`. Yaani Linux ilikuwa inatafuta programu ambayo jina lake ni bash likiwa na CR mwishoni, na programu ya jina hilo haipo. Alama moja ya baiti moja. Toka siku ile nimezijaribu hizi komandi zote kwa makini na nina maoni thabiti.

`dos2unix orodha.txt` ndio chaguo langu la kwanza. Inabadilisha faili palepale, ukitaka uache la asili unaandika `dos2unix -n la_zamani.txt jipya.txt`, ukitaka tarehe ya faili isibadilike unaongeza `-k`. Ubora wake mkubwa ni kwamba inatazama kabla ya kugusa, ikikuta faili sio maandishi inaliruka. Hili sio jambo dogo. Ukiielekeza kwenye folda lenye maandishi na picha mchanganyiko, picha zinabaki salama. Pia ukiipa faili la UTF-16 lenye BOM inalielewa, na BOM ya UTF-8 inaiondoa yenyewe, kitu ambacho kwa skripti ndicho unachotaka. Inakuja na ndugu zake unix2dos ya kurudi Windows na mac2unix ya zile CR tupu, na ndugu hao uwakumbuke, maana dos2unix yenyewe ukiipa faili la CR tupu haigusi kitu, utafikiri imeshindwa kumbe umeita ndugu asiyehusika.

Ubaya wake ni mmoja, mara nyingi haipo kwenye mashine mpaka uiweke. Kwenye Debian na Ubuntu ni `apt install dos2unix`, kwenye Mac ni kupitia Homebrew, programu ya kuweka programu nyingine. Na watu wa Windows wengi hawajui kwamba wakishaweka Git for Windows (Git ni programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili) tayari wanayo, fungua Git Bash uiandike, ipo.

`tr -d '\r' < la_zamani.txt > jipya.txt` sifa yake ni kwamba ipo kila mahali, Linux yoyote, Mac yoyote, hata kwenye kontena dogo ambalo halina chochote. Ukiwa kwenye seva ya watu huna ruhusa ya kuweka programu, hii ndio mkombozi wako. Lakini inafuta kila CR bila kuuliza, na hapo kuna mashimo matatu. La kwanza, usiandike jina lilelile pande zote mbili. Ukiandika `tr -d '\r' < orodha.txt > orodha.txt` terminali inalifuta faili kwanza kabla tr haijasoma hata herufi moja, unabaki na faili la baiti sifuri na hakuna kurudi nyuma, nimemwona mwenzangu wa karibu akipoteza orodha ya siku nzima namna hiyo na hakuwa na bakapu. La pili, faili la Mac ya zamani lenye CR tupu, tr itafuta zote na mistari yote inaungana kuwa mmoja. Kwa hilo andika `tr '\r' '\n'` badala yake, yaani usifute, badilisha.

La tatu ndilo linalochanganya watu zaidi. Faili la UTF-16 kila herufi ya kawaida ni baiti mbili. CR yake ni 0D 00. Sasa tr inafuta 0D inaacha 00 peke yake, kuanzia hapo kila kitu kinasogea baiti moja, a ambayo ilikuwa 61 00 inasomwa kama 00 61 na hiyo ni herufi ya Kichina. Mstari unaofuata ikifuta baiti nyingine mpangilio unarudi sawa. Kwahiyo unapata faili ambalo mstari mmoja unasomeka vizuri, unaofuata ni Kichina, unaofuata unasomeka, hivyohivyo mpaka chini. Ukiliona faili la namna hiyo ujue nini kimetokea, na ujue suluhisho ni kurudi kwenye faili la asili, sio kuendelea kulitibu hilo.

`sed -i 's/\r$//' orodha.txt` ina akili kidogo kuliko tr kwasababu inafuta CR iliyo mwisho wa mstari tu, na inabadilisha palepale. Kwenye Linux ni nzuri. Kwenye Mac komandi hiyohiyo inakataa, maana sed ya Mac ni ya ukoo wa BSD (tawi lingine la Unix), baada ya `-i` inataka uiambie kiambishi cha bakapu hata kama ni tupu, na matoleo yake ya zamani hayaelewi `\r` kama CR. Ukiandika maelekezo yatakayofuatwa na watu wa Linux na wa Mac pamoja, sed itakuletea maswali. Andika perl: `perl -pi -e 's/\r\n/\n/' orodha.txt`, hiyo inaenda sawa pande zote mbili, na ukiandika `-i.bak` inakuachia nakala ya asili pembeni.

Kurudi upande wa Windows pia kuna tofauti. Ukitumia `sed 's/$/\r/'` kwenye faili ambalo tayari lina CR, unapata CR mbili kila mstari, na baadhi ya programu zitakuonyesha mstari mtupu kati ya kila mistari miwili. unix2dos ikikuta mstari ushakuwa wa Windows inauacha. Kwa mafaili mchanganyiko hilo pekee linatosha kukufanya uchague unix2dos.

Na wala sed, tr au perl hazijui picha ni nini. Usiziendeshe kwenye folda zima bila kuchuja majina. Waliotengeneza PNG waliliona hili mapema, ndani ya baiti nane za mwanzo za kila picha ya PNG waliweka CR LF na tena LF makusudi, ili mtu akipitisha picha kwenye kigeuzi cha maandishi ijulikane mara moja kwamba imeharibiwa. Komandi ya folda zima ninayoitumia mimi ni hii:

`find . -name '*.txt' -exec dos2unix {} +`

Jina limechujwa, na dos2unix nayo inachuja mara ya pili.

PowerShell

Hii ni terminali ya Windows yenyewe, kwa wale waliofungwa kwenye Windows tupu, hakuna Git wala WSL (Linux ndani ya Windows). Inawezekana, unasoma faili kwa `Get-Content -Raw`, unabadilisha, unaandika kwa `Set-Content -NoNewline`. Tahadhari yangu ni kwamba PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, ikisoma UTF-8 isiyo na BOM inadhani ni jedwali la zamani la Windows, na ukitumia alama ya `>` inaandika UTF-16. Yaani umeingia kutibu mistari umetoka na ugonjwa wa herufi. Lazima uandike `-Encoding utf8` kwenye kusoma na kwenye kuandika, na hata hivyo 5.1 itakuwekea BOM. PowerShell 7 haina shida hizo. Kama una uwezo wa kuweka kitu kimoja tu kwenye mashine hiyo, weka Notepad++ au Git, utapumzika.

Herufi: iconv au edita?

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 la_zamani.txt > jipya.txt` inafanya unachoiambia, neno kwa neno, na hapo ndipo hatari ilipo. Haipimi kama faili kweli ni Windows-1252. Ukiipa faili ambalo tayari ni UTF-8 itaamini ulichosema na itabadilisha tena juu yake, na ile ’ inakuwa â€™ ndani ya faili lenyewe, sio kwenye kuonyesha tu. Mtu akiona haijapona anaiendesha mara ya pili, inakuwa Ã¢â‚¬â„¢, na inazidi kurefuka kila anapojaribu.

Edita inakupa nafasi ya kuona kabla ya kuamua, ndio maana kwa faili moja naona edita ni salama zaidi. Kwenye VS Code kliki jina la jedwali la herufi kule chini, chagua "Reopen with Encoding", jaribu Windows-1252, tazama ng'ombe kapona? Kama kapona, chagua "Save with Encoding" uweke UTF-8. Kama hajapona hujaharibu kitu, jaribu lingine. Ukishajua jibu kwa faili moja na unayo mia yanayofanana kutoka chanzo kilekile, hapo sasa mpe iconv.

BOM nayo inabishaniwa sana. Ni baiti tatu, EF BB BF, mwanzo kabisa wa faili, na ukiona ï»¿ kwenye kichwa cha safu ya kwanza ndio yenyewe. Skripti za Linux haziitaki, ikikaa mbele ya `#!` mfumo hauitambui tena ile alama. Lakini faili la CSV (jedwali la data kwa maandishi matupu) ukilikliki mara mbili lifunguke kwenye Excel, bila BOM Excel inaweza kusoma UTF-8 kwa jedwali lingine na ng'ombe wanarudi. Kwahiyo skripti na mafaili ya mipangilio, bila BOM. CSV ya kufunguliwa na mtu wa Excel, na BOM. Hakuna jibu moja kwa yote hapa.

Timu: autocrlf au .gitattributes?

Watu wakishirikiana kwenye Git, kubadilisha kwa mkono ni kuchota maji kwa kikapu. Leo umesafisha, kesho mwenzako wa Windows kaseivu, unaletewa mabadiliko ya mistari elfu mbili wakati yeye kagusa neno moja.

`core.autocrlf` inakaa kwenye mashine ya kila mtu. Ukiweka true, Git inahifadhi LF ndani na inakupa CRLF ukichukua. Ukiweka input, inasafisha wakati wa kuhifadhi tu. Inafanya kazi mpaka siku anapokuja mtu mpya ambae hakuiweka. `.gitattributes` ni faili ndani ya mradi, linasafiri na mradi, kila anaechukua mradi anachukua na sheria. Mimi sina mjadala, chukua hili:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
*.png binary
```

Alafu mara moja tu endesha `git add --renormalize .` na uhifadhi kama badiliko lake peke yake, lisichanganyike na kazi nyingine, ili atakaesoma historia baadae asipotee.

Umeona nimeweka .bat kwenye CRLF. Usije ukadhani LF ndio sahihi popote. Mafaili ya .bat yakiwa na LF tupu cmd inaweza kushindwa kupata lebo za goto, tena sio kila mara, na hitilafu ya namna hiyo inasumbua kuitafuta kuliko inayotokea kila siku. Barua pepe zinaposafiri kwa SMTP (utaratibu wa kutuma barua pepe) zinatumia CRLF, na maelezo ya CSV ya RFC 4180 yanataja CRLF pia. Angalia nani atakaelisoma faili, umpe anachotaka.

Mnaotumia FTP kupandisha mafaili kagueni mipangilio. Hali ya ASCII inabadilisha mistari njiani, hali ya binari haigusi kitu. ASCII inasaidia kwa skripti lakini faili la zip likipita humo linafika limeharibika. Mimi naweka binari muda wote na mistari naishughulikia mwenyewe nikifika.

Na docx?

Hapo mistari sio tatizo, docx (faili la Word) kwa ndani ni zip yenye XML na inasomeka kote. Kinachohama ni mwonekano, kurasa kumi zinakuwa kumi na moja, na mara nyingi sababu ni fonti. Calibri na Cambria hazipo kwenye Linux, LibreOffice inaweka nyingine yenye upana tofauti. Weka Carlito na Caladea, zimetengenezwa zikiwa na vipimo vilevile vya hizo mbili, na sehemu kubwa ya kuhama inaisha.

Kama msomaji hatohariri, mpe PDF, `soffice --headless --convert-to pdf ripoti.docx` inageuza bila kufungua dirisha. Kama unataka maneno tu, pandoc (programu ya kugeuza nyaraka) ni bora kuliko kukopi na kubandika: `pandoc ripoti.docx -t plain --wrap=none -o ripoti.txt`. Hiyo `--wrap=none` usiisahau, bila hiyo inakata mistari kila inapofika kama herufi 72, na ukitaka faili litoke moja kwa moja na mistari ya Windows unaongeza `--eol=crlf`. Mac wana textutil tayari ndani ya mashine, `textutil -convert txt ripoti.docx`, haina machaguo mengi kama pandoc lakini huhitaji kuweka kitu. Zile tovuti za kugeuza mafaili bure zinafanya kazi, ila unampa mtu usiyemjua faili lako zima, kwahiyo mkataba, matokeo ya hospitali au orodha ya majina ya watu usivipeleke huko wakati pandoc inaifanya kazi hiyohiyo kwenye mashine yako.